Simu moja, mama wawili

Jumanne.

App yetu ya kukumbusha akina mama chanjo, ile tunaunda kwa kujitolea na yeyote anaichukua bure, inatoka Alhamisi. Kuongeza vitu vipya kwenye app kulifungwa wiki jana. Leo nimeomba kimoja: mama wawili waweze kuandikisha watoto kwa simu moja.

Kevo, msimamizi wetu, akaniuliza, "Mama Tasha, mbona hukusema mapema?"

"Sikujua ni kitu cha kusemwa. Hapa mtaani kwetu Lindi simu moja ni ya ploti nzima, wapangaji wote."

Akacheka. "Haya, nimeweka. Ikisumbua, naitoa."

Nikaijaribu kwa simu tunayotumia na jirani, Mama Brayo. Jina la mwanangu Tasha likafuta la Brayo, mtoto wake.

Mimi mwenyewe nimemwambia Kevo aitoe. Imeniuma. Lakini Brayo asikose sindano kwa sababu yangu. Toleo lijalo, nitaomba siku ya kwanza.