Nyangumi kwenye Supu ya Kariokor

Mama yangu,

Habari ya huko nyumbani? Sisi tuko salama kwa dada hapa mtaani Baba Dogo, baridi tu ndiyo imetuzidi. Unajua tangu wenzake walipomcheka darasani, Atieno wangu hajibu mtu. Jana tulikunywa supu ya miguu ya mbuzi sokoni Kariokor. Akatoa mfupa wa kifundo kwenye bakuli, akasema polepole, "Mama, kitabu nilichosoma kinasema mababu wa nyangumi walikuwa na mfupa kama huu."

Meza nzima ikacheka. "Acha hizo, siz! Nyangumi ana kwato wapi?" akauliza muuza supu.

Nikaogopa atanyamaza tena. Lakini akajibu, "Zamani walitembea. Miguu iliisha kidogo kidogo walipozoea maji. Mbuzi, nguruwe, ngamia, hao wa vidole viwili au vinne, wote ni ukoo mmoja na nyangumi. Ndugu yake wa karibu ni kiboko."

"Kiboko huyu wa ziwani kwetu?" akauliza mzee mmoja.

"Huyo huyo."

Kicheko kikaisha, maswali yakaanza. Aliongea mpaka tukafika kwa dada, Mama, na sikumwambia anyamaze hata mara moja.

Magoti yako yapoe, tukukute na nguvu tukirudi.

Binti yako,
Akinyi