Kosa ni la Taa Zako, Si la Uso wa Shangazi

Nalufenya,
Jinja.
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Owino,

Pokea salamu zangu. Mkeo Nambozo hajambo? Na Ashley, kile kikohozi chake kimepona? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu, na mvua imeanza vizuri.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu Shangazi Roselyn alitulea hivyo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu siku tisa sasa hupokei simu zangu, na ujumbe unausoma na kunyamaza. Barua hii utakabidhiwa na Jamil dereva. Nimemwambia asiondoke mpaka uifungue.

Owino, mwishoni mwa mwezi uliopita niliingia chumbani kwa Shangazi kubadilisha shuka. Chini ya mto nikakuta kopo la krimu ya kujichubua. Mwanamke wa miaka sabini na moja! Mashavu yalikuwa yameshaanza kubabuka, nami siku zote nilidhani ni moto wa jikoni. Nilipomuuliza alinipokonya lile kopo akalificha nyuma ya mgongo. Nikakaa kitandani kwake, nikakataa kutoka mpaka aseme.

Alisema kwa shida. Kanisa lilitaka picha za wazee waliolianzisha, zote kwenye pazia jeupe, zitundikwe ukutani. Ningempiga picha mimi hapa hapa Jinja, lakini alitaka umpige wewe, kwa vile anavyojivunia studio yako ya Mbale. Alivaa lile gauni la samawati. Njiani alishuka Busiu kwanza, rafiki yake Brigid amsuke nywele.

Nawe ukamsimamisha mgongo ukigusa pazia, ukawasha taa moja, ukaiachia kamera ijipimie mwanga yenyewe. Uso ukatoka mweusi ti, yakaonekana macho tu. Ukapiga tena, yakawa yale yale. Ndipo ukamwambia, mbele ya wateja waliokaa kwenye benchi: "Shangazi, wewe umezidi weusi. Kamera inashindwa kukuona." Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Kisha ukaingia kwenye kompyuta ukamng'arisha mpaka akawa mwanamke mwingine, rangi ya unga wa chapati, ukamfungia kwenye bahasha.

Kamera inashindwa? Aliyeshindwa ni wewe! Mara ngapi nimekwambia kwamba kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hujifinya, na mtu anabaki gizani? Pima mwanga usoni, si kwenye pazia. Mtoe mtu hatua tatu mbele. Pazia lipe taa zake, na uso uupe wake. Ulikuwa ukiitikia "ndiyo, dada" huku unachezea simu.

Na wateja wako hapo Industrial Division ni akina nani? Wagisu, Wateso, Wajaluo kama sisi. Unamngoja nani mwenye rangi itakayozifaa taa zako? Wangapi wametoka mlangoni kwako wakiamini kwamba kasoro ni ngozi waliyozaliwa nayo?

Nilipomwambia Shangazi aje studio kwangu, unajua alinijibu nini? "Acha, Awuor. Nitakuharibia pazia lako." Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maji, majirani wakanitazama.

Siku ya tatu alikubali. Nilimkalisha mbali na pazia, nikaweka taa mbili nyuma yake zimulike ule weupe peke yake, na mbao nyeusi huku na huku weupe usimrukie. Taa ya uso niliifunika kitambaa chembamba, nikaiweka ubavuni, mwanga ulale kwenye shavu na paji la uso. Nilipima mwanga mara nne. Nilipiga picha sita tu.

Alivaa miwani, akaichukua picha hadi dirishani. Pazia jeupe pe, na yeye mweusi kama alivyo, anang'aa, hata mikunjo ya kicheko inahesabika. Halafu akasema, "Kumbe Owino hajui kazi."

Baadaye akanishika mkono: "Usimwambie. Ataona haya."

Mimi nakwambia. Uone haya.

Lile kopo alilitupa chooni mwenyewe. Muuguzi anasema ngozi itapona, lakini polepole, na alama moja chini ya jicho huenda ikabaki. Picha yangu ndiyo iliyotundikwa kanisani. Yako niliichana mbele yake, naye hakunizuia.

Jumapili hii njoo. Usitume soda wala sukari, njoo mwenyewe. Kaa mbele yake umwambie kwa kinywa chako kwamba kosa lilikuwa lako. Ukimaliza, vuka barabara uingie studio kwangu. Nitakufundisha upya tangu kuwasha taa, na utaanza kwa kunipiga mimi, maana mimi ni mweusi kuliko yeye. Hutoki mpaka nionekane.

Msalimu sana Nambozo, na umkumbatie Ashley kwa niaba yangu. Shangazi anawasalimu nyote. Hajui nimeandika nini. Mungu akulinde njiani, na moyo wako aulainishe kabla hujafika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi,

Awuor