Ziara ya Mji wa Mchanga

Papa,

Ziara ni kumwendea mtu mahali alipo, kwa ajili yake na si kwa shughuli nyingine, ukiwa umekusudia kurudi. Naanza na maana hiyo kwa sababu ulilitumia neno hili miaka mingi bila kulifafanua, nami mwanao nimerithi mipango yako na sharti nijue hasa nimerithi nini. Anayehama hafanyi ziara, kwa kuwa harudi. Mchuuzi anayempitia shangazi yake njiani hafanyi ziara, kwa kuwa kilichomtoa nyumbani ni bidhaa. Kwa kipimo hicho, safari uliyoitaka ya kwenda kwenye kaburi la mdogo wako Saidi, katika ule mji mdogo wa jangwani kaskazini mwa Sudani, ilikuwa ziara kamili. Ilipungukiwa na jambo moja tu: haikufanyika.

Nimechoka, Papa. Silalamiki, nakuarifu. Maasi yamekwisha, au ndivyo wasemavyo waliokuja baada yake. Soko limefunguliwa, lakini watu hununua upesi na kuondoka, hawasimami kuzungumza. Kwenye mtaa wetu milango kadhaa imepigiliwa mbao, na hatuulizani nani atarudi. Shule imeniita tena kufundisha. Wanafunzi wengine huketi sakafuni, maana kila jeshi lililopita liliyafanya madawati kuni za kupikia.

Wakumbuka ule mwaka wa uhuru? Ulitandaza ramani yangu ya shule mezani, ukaiwekea kikombe cha chai pembeni isijikunje, ukasema, "Bon. Sasa tuko na uhuru. Hakuna mutu ataniuliza tena: we Juma, unaenda wapi?" Naye Mama akajibu kutoka jikoni, "Mimi iko hapa. Mimi nitakuuliza." Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha kidole chako kikapanda kwenda Buta, kikageukia mashariki hadi Aba, mpakani na Sudani, kikavuka Juba, kikashuka na Mto Naili, halafu kikasita. Jina la mji ule ulilitamka kwa namna mbili, na ramani haikuwa na hata moja. "Iko hapa," ulisema, ukigusa pahali peupe. "Nyuma ya nyumba ya mwisho, muchanga inapanda kama paa."

Kisa chenyewe nilikijua kwa vipande. Katika vita vya Wazungu jeshi la koloni liliwatoa hapa wewe na mdogo wako kupeleka malori kaskazini, wewe ukiwa dereva, yeye mpakiaji. Baba Mdogo alishikwa na homa ya tumbo, akafa katika mji huo, mimi nikiwa bado tumboni mwa Mama. Mlimswalia, mkamzika nje ya mji, chini ya vilima vya mchanga, na kesho yake msafara ukaondoka. Kipande kilichobaki nilikipata mwezi uliopita kwa Tonton Ramazani, ninayemwita mjomba kwa kuwa mliendesha malori pamoja. Nilikwenda kumuuliza alama ya kaburi, nikidhani ni jiwe.

Haikuwa jiwe. Ulifanya kama tunavyofanya sote hapa, ambako ukichomeka mti mbichi kwenye kichwa cha kaburi, mvua mbili tatu na umechipua, na miaka yote jamaa hupajua mahali kwa majani yake. Ulichukua mti uliokuwa ukishikilia turubai la lori, uliokatwa msituni kwetu, ukauchomeka pale. Tonton alisimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Papa yako alipanda muti mu muchanga kama unga! Tena akaumwangia maji yake ya kunywa, yote. Tulimuchekaka sana. Nikamwambia, Juma, hapa hata nyasi haimei." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mutoto yangu, ile mulima ya muchanga inatembeaka. Leo iko huku, mwaka kesho iko kwa jirani. Usitafute muti."

Nilirudi nyumbani nikapanga upya. Iwapo kilima kimehama, basi kaburi ama liko chini yake, ama limepitwa na liko wazi, ama hakuna mtu aliye hai anayeweza kulionyesha. Uwezekano wa tatu ndio wenye nguvu. Hata hivyo niliendelea. Mpwa wa Tonton anaondoka Ijumaa hii na lori kuelekea Aba, chini ya ulinzi wa askari, na alikuwa ameniwekea nafasi. "Barabara ikifungwa tena," Tonton alionya, "usiniulize." Nilianza kupima kilomita kwa rula.

Mama alinitazama nikipima kwa siku mbili. Siku ya tatu akaiondoa rula mkononi mwangu.

"Unapima barabara ya Sudani," alisema, "na papa yako iko hapa ng'ambo, hata Fatiha moja haujamusomea. Hiyo hesabu alikufundisha nani?"

Ulifia shambani Lubunga, ng'ambo ya mto wetu, mapafu yakiwa yamejaa, wakati mitumbwi imekatazwa kuvuka. Majirani wa huko walikuosha na kukuzika. Sisi tulipata habari kwa mvuvi aliyepaza sauti kutoka majini bila kuthubutu kutia nanga. Kisha waasi wakaondoka, wakaja askari, na kuvuka kukahitaji kibali. Hayo yote ni kweli. Lakini kibali kimetoka wiki hii, chetu sisi wawili, na tarehe yake ni Ijumaa, nami nilikuwa nimekiweka chini ya ramani.

Nimeipima hoja ya Mama kama ninavyopima za wanafunzi wangu, nikitafuta pa kuivunja. Sikupaona. Nikienda jangwani kabla ya kuvuka mto wetu, nitakuwa namwendea ndugu yako kwa ajili yako huku nikikupita wewe. Kwa maana niliyoiweka mwenyewe, hiyo si ziara. Ni kukukwepa kwa njia ndefu. Pale mbali ningeweza kulia kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Hapa, Papa... hapa nitaona udongo, na kifo chako kitakuwa kweli.

Nimemwambia mpwa wa Tonton ampe mwingine nafasi ile. Alishangaa kidogo, akasema, "Alors, mwalimu, jangwa itakungojea." Sina hakika, naye pia hana.

Ijumaa basi nitavuka na Mama. Nitakuja na jembe, kwani nyasi za Lubunga hazikawii, na tutakusomea kwa utulivu, bila kuharakishwa na mtu. Na siku barabara ya Aba itakapopitika tena kwa raia wa kawaida, nitakwenda kwa Baba Mdogo. Hilo nakuahidi, ingawa sijui ni mwaka gani wala nitakuwa na nguvu gani. Lala salama, Papa. Mama anakusalimu kwa jina lile analokuita yeye peke yake.

Limebaki jambo moja ambalo sijalitatua. Aliyekuwa akingojwa na Baba Mdogo pale ni wewe. Yeye hakuwahi kuniona. Nikisimama juu ya mchanga ule, nisijue hata amelala upande gani, nikamtolea salamu kwa jina lako, je, atakuwa amezuriwa na kaka yake, au na mgeni tu?