Fundo la gunia kwenye boya la kuokolea

Jumamosi, Julai. Nambambo, Nachingwea.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, ya kukaa na sweta mpaka saa tatu. Jirani yangu Baba Agnes alikuwa anapulizia salfa kwenye mikorosho yake, na harufu imeingia hadi kwenye shuka. Sasa ni jioni, jua bado lipo kidogo. Vidole vinaniuma, na leo nimesema jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu.

Sijui kama nimesema vizuri. Najua nimechelewa.

Kwa anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza, nieleze. Nilizaliwa Lionja, nikasomea ufundi wa mitambo, kisha nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye yoti, yaani boti ya matanga ya kutembezea watalii. Kwa mtu wa huku hiyo ni kazi ya ajabu, maana hata ukipanda mkorosho mrefu kuliko yote huioni bahari. Baadaye nilimwingiza kazini rafiki yangu Hamisi, mtu wa Nanganga, upande wa Ruangwa. Hamisi alianguka baharini mchana, jua likiwaka, na hatukumpata tena. Hana kaburi. Binti yake Zuhura alikuwa darasa la tatu.

Zuhura sasa ni mtu mzima, naye amepata kazi kwenye yoti. Anaondoka Jumatano. Alifika kwangu juzi na mfuko wa ufuta kutoka kwa mama yake. Mama Zuhura hunitumia ufuta kila mwaka baada ya mavuno, kwa kunishukuru kwamba nilijitahidi kumwokoa mumewe.

Kila mwaka nimeupokea. Kila mwaka nimeula.

"Ba'mkubwa," Zuhura aliniambia, "kupika najua na kufua najua. Nifundishe vile vifaa vya kumwokoa mtu akianguka majini. Hivyo sitaki kufundishwa na mgeni."

Basi leo tukageuza uwanja kuwa yoti. Mti wa uzio ulikuwa ukingo wa nyuma, mpira wa ndani wa gurudumu la gari ukawa boya, na kamba ya manila ikawa kamba ya kurushia. Baba Agnes alitutazama juu ya uzio, uso mzima njano kwa salfa.

"Mzee, unamwokoa nani kwenye vumbi hili? Maji ya kunywa kwenyewe tunayafuata na ndoo!"

"Tunakuokoa wewe, Baba Agnes," Zuhura akamjibu. "Umeshazama kwenye salfa."

Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka leo.

Nilianza na kamba. Watu hudhani kamba ya kuokolea inakunjwa vizuri, mduara juu ya mduara. Hapana. Kamba iliyokunjwa hivyo ikirushwa kwa haraka hujisokota na kukwama. Inasokomezwa kwenye mfuko wake kidogo kidogo, kama unavyosokomeza nguo chafu, ili ikirushwa itoke yenyewe. Zuhura alisokomeza, akarusha, akarudia. Mara ya tano ilifika mpaka kwenye banda la kuku, na kuku wakatawanyika.

Kisha nikamweleza kuhusu boya. Boya hukaa nyuma, karibu na mshika usukani. Hufungwa pamoja na taa inayojiwasha ikigusa maji, na mti mrefu wenye bendera, kwa sababu kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani, kinafanana na nazi inayoelea. Vyote vitatu vinatakiwa kutoka kwa mkono mmoja, mvuto mmoja. Kama ni lazima kufunga, unafunga kwa uzi mwembamba unaokatika ukivutwa.

Na jambo kubwa kuliko yote ni macho. Mtu akianguka, mmoja wenu anamnyooshea kidole na haondoi macho, hata akiitwa, hata akitukanwa. Ukitazama pembeni ukarudisha macho, unakuta maji matupu.

"Sawa," Zuhura alisema. "Acha nifunge boya mwenyewe."

Nikaingia ndani kuchukua maji. Niliporudi alikuwa amemaliza, amesimama kando, anafurahia kazi yake. Alikuwa amelifunga kwa fundo la gunia.

Hili fundo kila mtoto wa huku analijua. Baba yangu alinifundisha Lionja nikiwa sijaanza hata shule. Unazungusha mara mbili, unarudi chini, unabana ncha kwa meno, unalowesha kidogo. Gunia la korosho likifungwa hivyo juu ya lori, barabara ikatike, lori liyumbe, gunia halitoki. Kadiri mzigo unavyovuta ndivyo fundo linavyokaza. Ni fundo la watu waliokwisha kupoteza mavuno njiani. Hata mfuko wa ufuta alioniletea ulikuwa umefungwa hivyo hivyo.

Nikaweka kikombe chini.

"Vipi, Ba'mkubwa? Nimekosea?"

Ningeweza kusema ndiyo, umekosea, fungua, na somo likaendelea. Miaka yote hii nimekuwa hodari wa kusema sentensi fupi. Lakini nilimtazama, nikaona anakwenda baharini na fundo lile mkononi. Nikamwambia akae kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikamwambia kama nitakavyoandika hapa.

Tukiwa bandarini boya letu la kwanza liliibwa. Nahodha alinigombeza mbele ya wageni, na niliona aibu sana. Lilipokuja jipya nililifunga kwa fundo la gunia. Nilijivunia. Nilijisemea kwamba sasa mwizi atakesha hapo. Tulipong'oa nanga nilitakiwa kulifungua, nililijua hilo, nikasema nitafungua baada ya chai. Siku ya pili sikulikumbuka tena.

Hamisi alikuwa mbele anaweka sawa tanga. Upepo uligeuka, boriti ya tanga ikapita na kumpiga begani. Nilisikia sauti yake kabla sijasikia maji. Tulikuwa watatu tu, siku hiyo hatukubeba wageni. Nahodha alikuwa kwenye usukani, akipambana na matanga ili aigeuze yoti. Kazi yangu ilikuwa kurusha boya na kunyoosha kidole. Nililivuta boya, halikutoka. Nikavuta kwa nguvu zaidi, na fundo likakaza zaidi, kama linavyotakiwa. Kisu kilikuwa jikoni, nilikuwa nimemenyea vitunguu. Nikainama kulifungua kwa kucha na meno.

Nikainama. Hapo ndipo nilipomwua, kama neno ni hilo. Kwa sababu nilipoinua kichwa boya likiwa mkononi, sikujua nilirushe wapi.

Tulizunguka mpaka giza. Wakubwa waliponiuliza, nilisema nililirusha palepale ila mawimbi yalikuwa makubwa. Nahodha hakuona fundo, akaniamini. Nilikwenda Nanganga nikasema hivyo hivyo mbele ya watu waliokaa mkekani. Mama Zuhura alinishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, shemeji. Angalau hakuwa peke yake."

Zuhura hakulia. Aliinuka, akaenda kwenye mti, akalijaribu fundo kwa mkono. Kisha akauliza, "Ilichukua muda gani?"

Nikasema sijui.

"Tutajua sasa hivi. Lilowesheni fundo kama lilivyokuwa." Tangu afike alikuwa ananiita kwa mzaha wa mtoto na mzee wake. Sasa alisema na mimi kwa wingi, kama mtu anayezungumza na ofisa.

Nililowesha fundo. Akatoa simu, akageuka, akasema "Kaanguka," akaanza kutembea haraka kuelekea njia ya barabarani, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Niliinama, nikaingiza kucha. Kumi na tano. Ishirini. Vidole vya uzee, lakini fundo ni lile lile. Sauti yake ilikuwa inapungua. Arobaini niliisikia vizuri. Hamsini na kitu niliisikia kama mtu aliye shamba la pili. Baada ya hapo nilisikia bomba la salfa la Baba Agnes tu.

Fundo likaachia. Nikainua kichwa.

Njia ilikuwa tupu.

Nilisimama na mpira wa gari mkononi, nikitazama mkorosho mmoja baada ya mwingine. Nilikwenda pande zote za uzio. Nikaita. Nataka niandike ukweli: kwa muda ule sikuwa Nambambo.

Alitokea nyuma ya kichuguu, mbali, pale njia inapokata kona. Aliporudi alinionyesha simu. Sekunde sabini na moja. Na huyo alikuwa anatembea kwa miguu. Yoti yenye upepo mzuri huenda karibu mara mbili ya hapo.

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Muda wote nilikuwa nakuona umeinama. Nilitaka kujua yeye aliona nini."

Niliuweka mpira chini ya mti wa uzio.

Nilidhani atachukua begi aondoke. Akachukua uzi wa kushonea kutoka kwenye begi lake, akaupeleka mpaka kwenye mti wa uzio. "Nifundishe inavyotakiwa," alisema. Nikamfundisha. Alifunga boya kwa uzi, akalivuta, likatoka. Alifunga tena. Tulirudia mpaka saa nane, bila neno lisilohusu kazi. Kila lilipotoka kwa mvuto mmoja, mimi ndiye niliyeinamisha uso.

Kisha akaaga. Hakunipa mkono. Nilimwuliza kama atamwambia mama yake.

"Mimi? Hapana. Utamwambia wewe. Nitakuwa Nanganga mpaka Jumanne, nitasubiri nikusikie unasema." Akafika kwenye njia, akageuka. "Na usimwambie mawimbi."

Baba Agnes alipita baadaye kuuliza mwanafunzi wangu kaenda wapi mapema hivi. Nikamwambia amehitimu.

Nimejiuliza tangu mchana kwa nini sikusema siku ile mkekani. Zamani nilijijibu kwamba ukweli usingemrudisha Hamisi. Ni kweli, usingemrudisha. Lakini nilichokuwa nalinda hakikuwa wao. Nililinda ile mikono miwili iliyoshika yangu.

Kesho nitapanda gari la kwanza la kwenda Nanganga. Mfuko wa ufuta uko hapa mezani, bado umefungwa. Nitaurudisha kama ulivyokuja, na kama Mama Zuhura atataka niufungue mbele yake, nitaufungua, hata ikichukua sekunde sabini na moja.

Nikishapiga hodi, nikakaribishwa, neno la kwanza litakuwa lipi?