Sharti Huangaliwa Mara Mbili

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku tunapumua. Baba anakula vizuri, ila mkono na mguu wa kulia bado haimtii tangu alipopooza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na safari hii nataka nimalize.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema umepata likizo, unakuja mwisho wa mwezi, maana Baba si alikuita mwenyewe? Haya. Kabla hujafunga begi, nisikilize.

Unazikumbuka karata zetu za majoka na mashujaa? Bado tunacheza, mimi na yeye, nikitoka kazini kwa dobi. Kwa kuwa ana mkono mmoja tu, nimempa brashi ya nguo. Anachomeka karata katikati ya nywele za brashi hiyo, anazisoma kwa raha zake. Anayoipenda bado ni ile yako, Mlinzi wa Daraja: mwanzo wa zamu yako, kama huna askari mwingine mezani, Mlinzi anamfufua mmoja kutoka kaburini, lile rundo la karata zilizokufa. Na wewe, naona, mpaka leo hujaielewa. Sharti lake huangaliwa mara mbili: zamu inapoanza, na tena Mlinzi anapotaka kufanya kazi yake. Hapo katikati mpinzani ana nafasi ya kujibu. Baba alikuwa anakutupia panya, karata ya askari isiyo na maana yoyote, anamweka upande wako. Basi, Mlinzi hayuko peke yake tena, hafufui mtu. Ulikuwa ukipandisha sauti kwamba zamu ilipoanza hukuwa na mtu, naye akikujibu taratibu kuwa kweli hukuwa na mtu, lakini sasa una panya. Uliwahi kususa chakula kwa sababu ya panya yule.

Ulipoondoka ulituwekea sharti na sisi. Ulisema hurudi kwa maneno yangu, eti mimi nakuza mambo. Utarudi siku Baba atakapokuita kwa kinywa chake. Unamjua Baba, fundi kufuli yule, kuomba kwake ni kama kung'olewa jino. Lakini mvua zilipoanza alikuita. Nilimshikia simu, jasho likimtoka, mpaka neno "njoo" likatoka. Ukasema umesikia, unapanga mambo. Siku hiyo hata dawa alimeza bila ubishi.

Mvua zikaisha, Kaka. Kila gari likisimama nje alikuwa ananituma dirishani. Alianguka bafuni nikiwa kazini, akakaa sakafuni mpaka fundi sofa wa ghorofa ya chini alipomsikia akigonga bomba kwa kikombe. Tangu hapo fundi huyo ndiye anayenisaidia kumshusha na kumpandisha ngazi, na wala si ndugu yetu. Wewe simu ulikuwa hupokei. Nilikuchukia, nakwambia wazi. Nilikuwa napiga pasi mashati ya watu huku nakutukana moyoni. Halafu siku moja gari likasimama, na Baba hakuinua hata macho.

Nilipomsomea ujumbe wako tulikuwa mezani tunacheza. Nilidhani atalia, au atafurahi. Alichomoa karata moja kwenye brashi, akaitazama, akairudisha. Akaniambia, "Mwambie nilimwita. Sasa simwiti."

Nilikutetea, amini usiamini. Nilisema kazi zinabana, safari ni ndefu, mtoto ni mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, asibadilishe neno.

Sasa jambo lenyewe. Tunahama wiki hii. Nimepata kazi ya kufua mji mwingine, na chumba kisicho na ngazi. Ukija mwisho wa mwezi, mlango wetu utafunguliwa na watu usiowajua. Baba amesema nisikuandikie tunakokwenda, na mimi nimekubali, tena si kwa ajili yake tu. Namba ya simu nayo nabadilisha. Inaniuma kuandika hivi, na bado naandika.

Msalimie wifi yangu, na watoto uwabusu. Fundi sofa anakusalimu, ingawa hamjuani. Baba nimemuuliza kama nitie na salamu zake. Amesema nisitie.

Ni mimi,
Mdogo wako wa kike