Samaki wa Rapa Nui Kwenye Eda Yangu

Baba Salma,

Jana nimemaliza eda. Mama yako alinisimamia nikaoga, nikavaa lile gauni la bluu, akaniombea dua. Nikatoka mpaka getini, nikaitazama milima, kijani kama ulivyoiacha.

Nina habari ya karatasi zako. Ulipofariki, mdogo wako alizikuta mezani, zimejaa miezi michanga, samaki na watu wenye vichwa vya ndege. Akaogopa. "Shemeji, hivi kaka alikuwa mganga?" Alitaka kuzichoma. Nilimzuia. Miaka yote ulizigeuzageuza hapo mezani wakati wa chai, na mimi kazi yangu ilikuwa kusogeza kikombe zisilowe.

Basi nikakaa nazo. Mwanamke wa eda anakwenda wapi? Nikakumbuka ulivyokuwa unamsimulia Salma: ni maandishi ya kisiwa cha Rapa Nui, huko Pasifiki, yamechongwa kwenye ubao, nawe uliyanakili kwenye karatasi. Waliojua kuyasoma walikufa wote. Ukimaliza mstari unageuza ubao juu chini, ndipo unaendelea. Kipande kimoja tu wataalamu wanakubaliana ni kalenda ya mwezi. Samaki kichwa juu, mwezi unakua. Samaki kichwa chini, mwezi unapungua.

Asubuhi moja nilikuwa uani, kumekucha, na kipande chembamba cha mwezi bado kinaonekana upande wa mashariki, kule Bigwa. Nikafuata mstari kwa kidole, nikageuza karatasi. Samaki huyo, kichwa chini.

Mwezi ule ule ndio niliokuwa nahesabia eda yangu. Mtu nisiyemjua hata jina aliutazama akiwa kwao, akauchonga kwenye ubao, ili mwenzake ajue umefika wapi. Na mimi, mjane wa hapa Kihonda, nikajua. Nikakaa chini pale pale uani, Baba Salma.

Nikamwita mama yako. Nikamwonyesha samaki, nikamwonyesha mwezi.

"Kumbe mwanangu alikuwa anasoma mwezi," akasema. Akalia. Tangu uzikwe hakuwa amelia. Mdogo wako alipokuja, mama mwenyewe ndiye aliyemweleza, samaki huyu na samaki yule, na wiki hiyo hiyo shemeji akatuletea kabati la kuzitunzia.

Mengine yote sikuelewa. Ndege, mikono, yale mafundo yanayojirudia. Yananitazama, nami nayatazama. Zamani ningekuuliza faida yake nini. Siku hizi nanyamaza tu, kama mtu aliyeingia msikitini.

Yule mwanafunzi wako wa chuoni amepiga simu, anaomba kuiendeleza kazi. Nitampa. Lakini kila mahali pembeni ya alama ulipoandika "sijui", nitasimamia ibaki "sijui", mpaka apatikane anayejua kweli. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, mume wangu. Mungu akupe nafasi huko, na nuru. Salma ameanza kuuliza maswali, na namjibu yale ninayoyaweza.

Mkeo,
Mama Salma