Kalamu Nyekundu ya Sisimizi

Jumatatu, 4 Machi

Mada ya mifupa. Nusu ya darasa hawamalizi ukurasa bila kutoka jasho, na mmoja wao, Sisimizi kama tunavyomwita, hasikii tangu utotoni. Kitabu nikakiweka kando. Nikachora mtu mzima ubaoni — kila mfupa na mshale wake. Mara wale wa nyuma, wazito wa kusoma, wakaanza kubishana kuhusu paja na goko. Sisimizi alinakili bila kukosea hata kiungo.

Jumatano, 6 Machi

Nimekusanya michoro. Wa Sisimizi una wino mwekundu: mbavu za kushoto, kifundo cha mkono, nyuma ya sikio — hapo kakoleza mpaka karatasi imetoboka.

Nikamwita, nikagusa zile mbavu, nikainua nyusi. Akachukua mkono wangu, akauweka ubavuni mwake. Pamevimba. Kisha pembeni akachora kisu kipana cha bucha. Baba yake wa kambo ndiye muuza nyama wa sokoni. Anampiga kwa ubapa.

Na siku zote nikimwandikia "hujambo", ananiandikia "sijambo".

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu mkuu kaniambia ya nyumba za watu tusiyaingilie, huo ni mchoro tu. Nikaupeleka polisi mwenyewe. Daktari kapima: mbavu zimevunjika palepale penye wino.

Mama yake kwenye benchi la hospitali, jino limeng'oka, anarudia, "Alianguka, mwalimu. Alianguka." Nikampa mchoro mtupu na kalamu. Akautazama weee. Kisha akaanza kupaka wino — majeraha ya kwake.

Mama huyo amelazwa. Askari walipofika buchani mwanamume kashatoweka. Sisimizi nimemleta kwangu. Mama yangu kamtandikia kitanda.

Ijumaa, 8 Machi

Yule baba wa kambo amekuja shuleni. Kampasua mlinzi paji la uso, mimi kanipiga ngumi ya taya — mdomo ukajaa damu. "Bubu wangu umemfundisha kusema, eti?" Akamshika mtoto shingo. Darasa zima likamrukia kwa viti, wale wazito wa kusoma mbele. Akamwachia, akakimbia. Pale getini akageuka, akasema kitu. Hakuna aliyesikia.

Sasa tuko ofisini na askari. Mmoja anauliza, jamaa atakuwa kakimbilia wapi? Sisimizi, aliyekua akiisoma midomo ya yule mtu, kavuta karatasi. Anachora barabara. Duka la kona. Geti lenye bawaba moja — geti langu. Ndani, bibi kizee kwenye kiti.

Askari wamekimbilia gari. Simu ya mama inaita tu. Inaita —